Walifuta Mara ya Pili

Wananiambia ninyamaze. Tangu ile siku ya sherehe, mutu akiingia mu salon yangu kusukwa, hata hajakaa vizuri ananiambia: «Kahambu, yaache, ilishapita.» Ilipita wapi? Mimi sikuiona ikipita. Iko hapa mu koo, na leo nitaitoa.

Mimi ni musukaji wa nywele hapa Himbi, mutaa wa Goma, karibu na parokia. Muziki sikusoma. Lakini mwezi wa tatu nilikaa siku sita kando ya Mama Dancille nikimugeuzia makaratasi ya noti, yeye akipiga clavecin mbele ya mikro. Kwa hiyo mutu asiniambie sikuwako. Nilikuwako, na masikio yangu yote mawili yalikuwako.

Clavecin, kwa asiyeijua, ni kinanda cha zamani cha Wazungu, kilikuwako mbele piano haijazaliwa. Ukibonyeza, kijiti kinapanda kule ndani, na kipande cha unyoya wa kunguru kinakwaruza uzi mara moja: tchin. Hata ubonyeze kwa hasira, sauti ni ile ile. Ukitaka kilie ao kicheke, unachezea muda: unachelewesha noti hapa, unaiwahisha pale, unatia vinoti vidogo vidogo pembeni. Mama Dancille ndiye alinifundisha hayo, mimi sikuzaliwa ninayajua.

Kilifika Goma namna gani? Padri Mulumeoderhwa, Mushi kwa kabila, wa kule Bukavu, alienda kusoma Ulaya akarudi na sanduku la mbao na kitabu cha kuonyesha namna ya kuunganisha. Akaunganisha mwenyewe mu chumba cha nyuma ya sakristia, mwaka mzima, anapiga randa, anagonga, anapiga randa. Watu wa parokia walifikiri anajitengenezea jeneza, wakaanza kumuombea.

Wakati ule Mama Dancille Niyonsenga alikuwa mufuaji wa nguo za altare. Alikuwa ameshuka toka milima ya Masisi na watoto wawili, bwana ameshakufa. Baba yake alikuwa muchungaji wa ng'ombe na mupigaji wa inanga, ule ubao uliochimbwa sawa sinia, wenye nyuzi nane, unaoulaza mbele yako na kuchezesha vidole. Basi siku moja yeye anapiga pasi vitambaa vya altare, anamusikia Padri anapiga kipande, anakimaliza, anakirudia vile vile. Kipande kingine, vile vile tena. Akaacha pasi, akaenda kusimama ku mulango.

«Mon père, unisamehe. Unarudiaka kwa nini, kama hauna kitu kipya cha kusema? Baba yangu akirudia mustari ku inanga, hata siku moja haukuwa ule ule.»

Padri mwingine angemufukuza. Huyu alicheka mpaka akatoa miwani. Akamuambia mufuaji wake akae ku kiti, aweke mikono hapa na hapa. Akamufundisha miaka kumi na saba, na mu hiyo miaka yote alimukazia sheria moja.

«Hizi ni ngoma za kuchezea za Wazungu wa kale,» alimuambia. «Zinafuatana ine ao tano, na huo mufuatano unaitwa suite. Kila ngoma iko na nusu mbili, na kila nusu unaipiga mara mbili. Mara ya kwanza unapiga ya yule aliyeitunga. Mara ya pili, Dancille, unapiga ya kwako.»

Muyashike hayo maneno, juu hasira yangu yote inatoka mule.

Padri alipokufa, alimuachia kinanda. Mama Dancille akakiweka mu nyumba yake ya mbao kule upande wa Lac Vert, kitanda akakisukuma ku ukuta. Manyoya ya kunguru anaokota mwenyewe, anayachonga na wembe. Mikono ile ile ilikuwa inafua na kupiga pasi nguo za watu wa Himbi kila siku ya Mungu, pasi ya makala, nzito, na sasa ana miaka sitini na minane. Mwaka jana vidole viwili vya mukono wa kuume vikaanza kukauka asubuhi. Munganga akamuambia rhumatisme, ule ugonjwa wa viungo, hairudi nyuma.

Nilikuwa ninamusuka ile siku aliponiambia. Hakulia. Alisema: «Kahambu, ya wale waliotunga iko mu vitabu, haitapotea. Ya kwangu haiko mahali. Iko mu hivi vidole tu, na vinaanza kunikatalia. Ninataka mutu anishikie mara ya pili zangu mbele havijafunga.»

Ni hiyo tu. Hakuomba gari, hakuomba nyumba. Mara ya pili zake zishikwe.

Likapatikana shirika la utamaduni. Jina sitalitaja, nisije nikaitwa. Mwenye kuliongoza, Madame Bénita, alimusikia akipiga ku misa ya mazishi kwa jirani yake kule Lac Vert, akapiga mikono: «Mama, hii lazima tuifanyie enregistrement! Suite tatu nzima, disque, jina lako juu!» Akatuletea fundi wa sauti, Jeancy, baba wa watoto watatu, mutaalamu wa kurekodi kwaya za Goma yote. Mutu mupole. Hata leo nasema Jeancy ni mutu mupole, na bado ninamukasirikia.

Tukasafirisha clavecin toka Lac Vert mpaka Himbi juu ya chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zimefungwa pamoja, magodoro chini, mimi ninatembea kando ninashika miguu yake sawa mutu anayesindikiza mugonjwa. Kule ku barabara ya mawe ya volkano nilisali rozari nzima. Tukakiingiza mu salle ya katekesi, tukaziba madirisha na magodoro yale yale. Ndege hazikutusumbua, uwanja wa ndege si umefungwa. Lakini chukudu zilipiga kelele, na kuku wa masista walipiga kelele, na mimi nikawa ninatoka kuzifukuza zote mbili. Kila asubuhi Mama Dancille alianza na kukaza nyuzi saa moja nzima, juu hewa ya ziwa inazilegeza.

Siku ya kwanza, mbele hajagusa kitu, alimuita Jeancy.

«Mwanangu, ujue kitu kimoja. Mimi nitafanya reprise kila pahali. Usishituke.»

Jeancy akacheka. «Mama, usiogope. Reprise sisi tumezoea.»

«Hata zikiwa mingi?»

«Hata zikiwa mia.»

Mama Dancille akafurahi. Alinigeukia akaniambia kwa sauti ya chini: «Umeona? Huyu anajua.»

Basi akapiga. Nusu ya kwanza, mara ya kwanza, mara ya pili. Nusu ya pili, mara ya kwanza, mara ya pili. Kila mara Jeancy aliandika mu kaye yake, hapa musalaba, pale alama ya kukubali. Niliona. Nilifikiri anahesabu tu, nikasema moyoni huyu kijana ana bidii.

Siku ya ine ilikuwa ya sarabande, ile ngoma ya polepole. Mara ya kwanza aliipiga wazi, vile ilivyoandikwa, nzuri, sawa nyumba iliyofagiliwa. Mara ya pili, mama wee! Ile noti ya tatu aliichelewesha mpaka nikafikiri amesahau. Kisha akaingiza vinoti vitano, vinashuka, na mimi Munande, mutu wa kulima, nisiyejua ng'ombe, nikasikia mutu anaita ng'ombe zake zirudi. Ulikuwa mwito wa baba ya Mama Dancille. Aliutia mule katikati ya ngoma ya Wazungu na ulikaa pale sawa umezaliwa pale. Nililia, na nikasahau kugeuza karatasi. Akanipiga na kiwiko bila kuacha kupiga, akaendelea kwa kichwa. Alipomaliza, akaifunika mikono yake mu kitenge chake. Akasema: «Ile imetoka. Hata nikifa, ile imetoka.»

Mwezi wa sita wakatuita ku bureau kusikiliza. Mama Dancille alivaa kitenge cha Pasaka. Madame Bénita akatukalisha, akatupatia chai, akasema kazi imetoka safi, dakika makumi mbili na nane.

«Ishirini na nane?» Mama Dancille akashangaa. «Mimi nilipiga karibu saa nzima.»

«Mama, fupi ndiyo nzuri. Watu siku hizi hawana muda.»

Jeancy akawasha. Nusu ya kwanza ikapita, vizuri. Ikaisha. Na bila kupumua ikaanza nusu ya pili. Ikaisha nayo. Ikaanza ngoma ingine. Nilimutazama Mama Dancille uso. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangojea, sawa mutu anayengojea mugeni aliyesema atakuja. Ikafika sarabande. Mara ya kwanza, wazi, imefagiliwa. Kisha ikaruka. Noti ya kuchelewa hakuna. Mwito hakuna.

«Jeancy,» akauliza polepole, «reprise ziko wapi?»

Na Jeancy, maskini ya Mungu, akatabasamu! «Niliziondoa zote, Mama! Hautasikia hata moja. Ni kazi ya wiki mbili, lakini sasa hauna kosa hata kidogo.»

Mungu wangu! Ndipo nilielewa, na damu ikanipanda ku kichwa. Mu makaratasi ya Mama Dancille, reprise ni ile mara ya pili, ile ya kwake. Mu studio za Goma, reprise ni nini? Muimbaji amekohoa: reprise! Solisti amepotea: reprise! Ni kusema umekosa, anza tena, na kisha tutabakisha ile nzuri, ingine tutupe. Wiki nzima Jeancy alikuwa anamuhurumia huyu mama anayekosa kila pahali na kurudilia. Akasikiliza zote mbili, akaona ya kwanza inafanana na karatasi, ya pili imejaa vitu visivyoandikwa. Akatupa ya pili. Kila pahali! Akabakisha moja tu, ya mwanzo wa gigue, ile ngoma ya mbio ya mwisho, kwa sababu mara ya kwanza kuku wa sista alilia ndani. Ni kuku ndiye alituachia Mama Dancille wa sekunde makumi tatu. Shirika lilishindwa, kuku akaweza!

«Haiko shida,» nilisema, nikijituliza, «urudishe tu zile zingine.»

Jeancy alishakuwa ameelewa. «Nilifuta,» akasema. «Disque dur ya kompyuta ilijaa. Kulikuwa kwaya ingine inangojea.»

Maji yakimwagika hayazoleki. Kijana akaanza kulia pale pale, mutu muzima mwenye ndevu. Mama Dancille ndiye alimushika bega. «Kuuliza si ujinga, mwanangu. Haukuniuliza. Na mimi pia sikukuuliza. Tulisema neno moja, kila mutu akabeba la kwake.» Yeye ni hivyo. Mimi si hivyo, na hasira yangu kwa Jeancy ingeishia hapo kama Madame Bénita hangefungua kinywa.

Alisema: «Lakini Mama, kusema ukweli, nani atajua?»

Nani atajua! Nilisimama. «Madame,» nilimuambia, «kesho uje mu salon yangu. Nitakusuka upande mumoja tu wa kichwa. Kisha utoke, utembee mu Himbi, na mimi nitasimama ku mulango ninasema: nani atajua?»

«Kahambu, heshima.»

«Heshima gani? Mumekata ya mwenyewe mukabakisha ya marehemu Muzungu, ile hata mashini ingeweza kuisoma ku karatasi! Mulimuita Mama Dancille ao mulimuita nani?»

Alinitazama vile wanatutazamaka, sisi tusiosoma. Akasema disque imeshapangwa, wageni wameshaalikwa, na kitu kilicho safi kisiharibiwe juu ya mapambo. Mapambo! Miaka kumi na saba na Padri, na miaka yote ya baba yake, eti mapambo.

Siku iliyofuata Jeancy alikuja na mikro zake kule Lac Vert, kinanda kilikuwa kimesharudishwa, hakuna mutu aliyemutuma. Tulijaribu siku tatu. Mwezi wa sita hauko mwezi wa tatu. Mara ya kwanza vidole vilikubali. Ikifika mara ya pili, pale pa vinoti vidogo, vile viwili vilibaki nyuma, vinagusa mbao pembeni, ao havigusi kitu. Alivichovya mu maji ya moto. Alivifunga na kitambaa chenye mafuta ya nyoka niliyoyatafuta ku soko, musicheke, nilikuwa ninaamini. Siku ya tatu, kwa ule mwito wa ng'ombe, zilitoka noti mbili, na ya tatu ikakataa. Akaingoja. Sote tuliingoja. Akafunga kifuniko cha kinanda.

«Basi, wanangu,» akasema. «Vimefunga.»

Mimi nilitoka inje nikatukana. Nani, sijui. Nilitukana ukuta.

Sherehe ikafanywa mwezi wa nane, mu salle kubwa ya hapa Himbi, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe sawa maharusi, sucré, yaani soda, mbele ya kila mugeni, na picha ya Mama Dancille ku bâche, turubai lenye urefu wa nyumba. Nilimuambia asiende. «Ukienda, umekubali.»

«Nisipoenda,» akanijibu, «watasema Mama amefurahi, ila amechoka.» Basi tukaenda wote wawili, mimi na domo langu.

Kulikuwa karatasi ya kutia saini. Wafadhili wenye kutoa pesa walikuwa wanaidai, bila hiyo karatasi disque haitoki na jina lake. Madame Bénita alikuwa ameshamufuatilia wiki mbili juu ya hiyo karatasi, na Mama Dancille kila mara alimujibu: «Nitasaini siku ya sherehe, mbele ya watu.» Madame alifurahi sana. Aliona itatoa picha nzuri.

Wakati wageni wanakaa, waliweka sarabande mu haut-parleur, zile spika kubwa. Nilikuwa kando yake. Mara ya kwanza ikaisha, disque ikaruka, ikaenda zake. Na Mama Dancille pale ku meza, mukono wake ukaanza kutembea juu ya kitambaa cheupe. Alikuwa anapiga mara ya pili. Vidole vitatu vinaenda, viwili vinaburuzwa, na kule juu muziki ulikuwa umeshafika mbali. Hakuna mutu aliyeona isipokuwa mimi na Jeancy, aliyekuwa amesimama ku mashini zake. Yeye alitazama chini.

Kisha Madame Bénita akachukua mikro, akasoma karatasi kwa sauti tamu: «Mimi, Niyonsenga Dancille, ninashuhudia kama huu upigaji ni wangu, wote muzima, na nimeridhika nao.» Makofi. Wapiga picha wakasogea. Akamupatia kalamu.

Mama Dancille aliweka miwani. Akasoma karatasi tena mwenyewe, kidole chini ya kila neno, watu wakingoja. Kisha akaandika. Mukono wake unaandikaka polepole, na mimi niliona kila herufi ikitoka: N, i, y, o, n. Hapo akainua kalamu, akaifunika, akailaza ku meza.

Madame Bénita akainama, anacheka kwa ajili ya picha. «Mama, malizia jina.»

«Nimemaliza.»

«Mama, iko nusu tu hii. Hawataikubali.»

Mikro ilikuwa bado mu mukono wa Madame, imewashwa, na salle nzima ilisikia sauti ya Mama Dancille, ya kawaida kabisa, ile anayoniulizia bei ya sabuni.

«Nusu ni hiyo, Madame. Nusu ingine uiombe kule mulikoitupa.»

Madame akasema mama anatania. Wapiga picha wakashusha kamera zao. Mama Dancille alikuwa ameshavua miwani, anatafuta mahali pa kuiweka mu kitenge chake, na vile vidole viwili havikukubali kufungua fundo, kwa hiyo nikamufungulia.